Wapiga Besi Si Wapagazi

Wapiga besi wenzangu wa Kisumu, migongo yenu bado iko sawa? Mpiga solo anashuka kwenye boda pale Kondele, gitaa mgongoni, amplifaya ndogo mkononi, amefika. Sisi je? Tuktuk nzima ya kubeba spika, na dereva anadai nauli ya abiria watatu! Halafu ukumbi uko ghorofani. Daima uko ghorofani!

Nani aliapa kwamba besi lazima itoke kwenye boksi la spika nane za inchi 10, kilo zaidi ya 60, zito kama kiboko wa Dunga? Amplifaya za klasi D, aina isiyopoteza umeme mwingi kuwa joto, zipo: wati 500, chini ya kilo 3, zinaingia kwenye mfuko wa gitaa. Spika za sumaku ya neodimiamu zipo, nyepesi kuliko za feraiti, ile sumaku nzito ya kawaida. Ukumbi ni mkubwa? Chomeka waya kwenye miksa, mitambo ya ukumbi ifanye kazi yake!

Lakini ukitokea na boksi dogo, mwenye bendi anakunja uso: “Hiyo itasikika kweli?” Itasikika! Benga itanguruma mpaka meza zitetemeke. Anayetaka lile dubwana alibebe mwenyewe. Ngazi zile pale.