Mkojo Unaotoka Ukikohoa: Mazoezi Yatangulie Upasuaji

Kiangazi kinapoingia Dodoma na vumbi kuamsha vikohozi, wako akina mama wanaobana mapaja kila wakikohoa, kwa sababu wanajua mkojo utawatoka. Wengi huongeza kitenge cha pili na kunyamaza, na wachache wanaothubutu kusema huambiwa kwamba hiyo ni kawaida ya mwanamke aliyezaa. Kawaida ni kweli, lakini ina matibabu.

Tusiichanganye na fistula, ambayo ni tundu kati ya kibofu na uke linaloachwa na uchungu wa muda mrefu uliokwama na kumfanya mama avuje usiku na mchana. Hapa mkojo hutoka pale tu tumbo linapokaza, iwe kwa chafya, kicheko au kujitwika ndoo ya maji, kwa kuwa misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu na mrija wake imelegea, hasa kutokana na mimba na kujifungua.

Mazoezi ya kuikaza misuli hiyo yalielezwa na daktari Mmarekani Arnold Kegel mwaka 1948, na mwongozo wa Uingereza hutaka yafanywe kwa angalau miezi 3 chini ya usimamizi, kubana mara 8 au zaidi, mara 3 kwa siku. Neno zito hapo ni usimamizi. Mama akiambiwa tu mlangoni "kafanye mazoezi", anaweza kurudi nyumbani akawa anasukuma chini badala ya kubana kwa kuvuta juu, kisha akasema hayafai. Naona mahali pa kuyafundisha ni kliniki ya mama na mtoto, ambako mtoto hupimwa uzito kila mwezi ilhali mama aliyembeba haulizwi lolote kuhusu mkojo wake. Kupunguza unene nako husaidia, na kikohozi sugu hakina budi kutibiwa.

Upasuaji nao siupingi. Utepe wa wavu wa plastiki unaowekwa chini ya mrija wa mkojo, ulioanzishwa na Ulf Ulmsten wa Sweden katika miaka ya 1990, umewaponya wengi. Lakini baadhi walibaki na maumivu yasiyokwisha, na mwaka 2018 Uingereza ikausimamisha kwa muda. Kuuondoa ni kazi ngumu inayohitaji bingwa, na mama wa Mpwapwa au Kondoa (tusisahau nauli) hana bingwa huyo jirani. Ndiyo maana, pale mazoezi yanaposhindwa, ningependa kwanza azungumziwe njia zisizoacha wavu mwilini: ukanda unaokatwa kwenye utando wa misuli ya tumbo lake mwenyewe na kuwekwa chini ya mrija wa mkojo, au kushona kando ya shingo ya kibofu ili kuinyanyua. Hizo nazo zina jeraha kubwa zaidi, na huweza kuleta shida ya kukojoa. Anayetarajia kuzaa tena ashauriwe kungoja, kwani uzazi mwingine unaweza kuirudisha hali ileile, na aliyepasuliwa aelezwe mbele ya mumewe au mama mkwe, akiridhia, kwamba kwa wiki kadhaa hatabeba kuni wala maji.