Mtoto wa darasa la pili bodingi? Mi hapana

Mwezi wa tatu 2023 serikali yetu ya Tanzania ilipiga marufuku bodingi kuanzia awali mpaka darasa la nne, na nakumbuka kelele zilizotokea, watu wanauliza sasa watoto tuwaache na nani, tunatoka alfajiri tunarudi saa tatu usiku na dada wa kazi kila mwezi mpya. Hizo shida ni za kweli kabisa, mtu anakaa Chanika, pembezoni mwa Dar, anafanya kazi Posta katikati ya jiji, mtoto anamuona amelala tu. Ila mi niliunga mkono ule waraka na bado nauunga mkono, maana mpaka leo nakutana na wazazi wanaoulizia shule ya kulaza mtoto wa miaka saba.

Utetezi wao huwa ni huu, alilia mwanzoni tu, sa hivi kashazoea, hata tukimpigia hana muda na sisi. Jamani, hapo ndo panaponitisha!

Uingereza miaka ya 1950 hospitali nyingi zilikuwa haziruhusu wazazi kukaa na watoto waliolazwa, eti mama akija mtoto analia na wodi inavurugika. James Robertson, aliyekuwa anafanya kazi na John Bowlby, daktari wa akili aliyechunguza watoto wanaotenganishwa na mama zao, akakaa anawaangalia wale watoto, akaona kwanza mtoto analia anamtafuta mama, baadae ananyong'onyea, mwisho anatulia, anakula, anacheza, manesi wanafurahi kazoea, kumbe mama akija anamtazama kama mgeni tu. Mwaka 1959 ripoti ya serikali yao ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao muda wowote. Sawa, wale walikuwa wadogo zaidi na bodingi sio wodi, lakini mtoto kuacha kulia sio ushahidi kwamba yuko sawa, inawezekana ameshaona kulia hakumleti mtu.

Fikiria usiku, kaota ndoto mbaya au kakojoa kitandani, matroni ni mmoja bweni zima na wenzake wakijua watamcheka mpaka likizo. Anajifunza kuficha. Akifika fomu two ndo mzazi anaanza kulalamika mtoto msiri, hasemi kitu, yuko na simu tu chumbani, sasa huyu kukusimulia mambo yake alizoea lini? Na hata wa kutwa yanamkuta hayo hayo kama swali pekee analoulizwa nyumbani ni umekuwa wa ngapi.

Wa sekondari sibishani sana, wengi wanamudu. Huyu mdogo kama kuna bibi, shangazi, hata jirani mnayeaminiana, bora alale huko na jioni umuone. Na hawa wakubwa walioko bodingi, akija likizo msimpeleke twisheni kesho yake asubuhi, mwacheni akae na nyie, akianza kusimulia ya shule msimkatishe na "mbona wenzio wanavumilia". Na shule nazo ziruhusu mtoto aongee na mzazi wake bila matroni kusimama pembeni anasikiliza.