Teesta ya muda mpaka lini?
Jamani kuna habari inasema India na Bangladesh waanze na makubaliano ya muda tu ya kugawana maji ya mto Teesta, unaotoka India kuingia Bangladesh, mi siafiki kabisa, maana ya muda washafanya tangu 1983, India asilimia 39 ya maji, Bangladesh 36, ile 25 iliyobaki wakasema tutaamua baadaye na baadaye yenyewe haijafika. 2011 ikaja rasimu ingine ya muda ya miaka 15, Mamata Banerjee, aliyekuwa anaongoza serikali ya jimbo la West Bengal huko India wakati huo, akaikataa, ikaishia hapo. Sasa huyu mkulima wa kaskazini mwa Bangladesh, kiangazi maji yanachepushwa huko juu upande wa India kwenye banio la Gajoldoba, asubiri vikao tu? Kama lazima iwe ya muda basi waandike tarehe ya mwisho, na vipimo vya maji pande zote wavione kila siku.