Stesheni ya Kigoma ilijengwa kwa ajili ya mzigo

Juzi nilisimama mbele ya stesheni ya Kigoma nikimsikiliza mwongoza watalii akisifia ujenzi wa Wajerumani. Dakika ishirini nzima. Mizigo hakuitaja hata mara moja, nikaondoka roho inaniuma.

Jengo ni zuri, sibishi. Lakini reli ile ya kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam haikufikishwa Ziwa Tanganyika mwaka 1914 ili watu wapige picha. Ilifuata mzigo. Kabla yake pembe za ndovu zilitoka Ujiji hadi pwani kwenye mabega ya wapagazi.

Halafu kuna ile meli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Meli nzima ilikuja Kigoma kwa treni! Makasha yakashushwa kutoka kwenye mabehewa, yakapangwa, yakafunguliwa, vipande vikaunganishwa upya, na Februari 1915 Graf von Goetzen ikaingia majini. Ndiyo Liemba yetu. Kila mtoto wa hapa anaijua Liemba. Nani anajua jina la kuli hata mmoja aliyebeba kasha lake?

Wabelgiji nao waliitaka Kigoma kwa sababu hiyohiyo. Kwa mkataba wa 1921 Waingereza waliwapa eneo lao hapa, mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ikawa inapita bila ushuru.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli pale. Kahawa ya Burundi ikishuka melini, yeye na wenzake waliihamishia kwenye mabehewa, gunia moja kilo 60, kipande cha gunia kuukuu kimekunjwa begani. Alikuwa akinusa tu anakwambia gunia lipi lililowa ziwani. Bega lake la kulia lilishuka, na ngozi ya pale ilikuwa ngumu kama kisigino. Fundi akimshonea kanzu alipima kila bega peke yake, la sivyo pindo lilikaa upande.

Hilo bega ni historia ya stesheni kama yalivyo mawe ya ukutani. Wazee waliopakia na kupakua pale bado wapo hapa mjini, Ujiji na Mwanga, na kila mwaka tunazika wengine. Jirani yangu mmoja amekubali kunisimulia. Jumamosi baada ya alasiri nakwenda kwake na daftari, na swali la kwanza ni majina ya wenzake wa zamu.