Panda, wanafunzi wa fildi na farasi wa Wolong

Mwanafunzi anayekwenda kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye kituo cha panda mkoani Sichuan, China, asitarajie kupakata kitoto cha panda. Atakabidhiwa ufagio. Panda mmoja hula kati ya kilo 12 na 38 za mianzi kwa siku, na tumbo lake linameng'enya sehemu ndogo tu ya hicho anachokula. Kinachobaki mtu lazima akizoe, akipime, akiandike.

Je, kazi hiyo inamsaidia panda, au inamsaidia kijana kupata cheti na picha?

Wanaoitetea wana hoja nzito. Panda jike huwa tayari kupandwa kwa siku moja hadi tatu tu kwa mwaka. Dalili zikimpita mhudumu, mwaka umepotea. Mtu aliyekaa mbele ya banda na daftari, akirekodi kila mlio na kila alama ya mkojo, anafanya utafiti wa kweli hata kama haoni hivyo saa nane mchana usingizi ukimnyemelea. Kituo cha kuzalisha panda cha Chengdu, mji mkuu wa Sichuan, kilianza mwaka 1987 na panda sita waliookolewa porini. Kufikia mwisho wa 2023 panda wanaofugwa duniani walikuwa 728. Idadi hiyo haikupatikana kwa madaktari peke yao.

Wanaopinga nao wanauliza: 728 wa nini? Xiang Xiang, panda wa kwanza aliyezaliwa kituoni na kuachiwa msituni, alitolewa mwaka 2006, na mwaka uliofuata akakutwa amekufa baada ya kupambana na panda wa porini. Walioachiwa baada yake ni wachache mno. Tena kuwafuga pamoja kuna hatari zake: virusi vya homa ya mbwa viliua panda kadhaa katika kituo kimoja mkoani Shaanxi kati ya 2014 na 2015. Na pale ambapo kijana analipia nafasi ya kujitolea, anayeingia ni mwenye pesa, si lazima awe mwenye wito.

Mimi naegemea mlimani, kwenye kuwachunguza panda wa porini. Mwaka 1978 mtafiti wa China Hu Jinchu alifungua kambi ya utafiti ya Wuyipeng ndani ya hifadhi ya Wolong, na baada ya miaka michache akajiunga naye George Schaller, yule yule aliyewahi kuwachunguza gorila wa Virunga na simba wa Serengeti. Panda wenyewe walionekana kwa nadra. Kilichosomwa zaidi ni kinyesi, maana urefu wa vipande vya mianzi vilivyomo hutofautiana kati ya mnyama na mnyama. Kule milima ya Qinling, Pan Wenshi wa Chuo Kikuu cha Peking alipanda na wanafunzi wake, akiwemo Lü Zhi, ambaye leo ni miongoni mwa sauti kubwa za uhifadhi China. Walichoshuka nacho ni kwamba panda wa porini huzaa na kulea vizuri wakiachiwa msitu wao, na kinachowamaliza ni shoka. Eneo la Changqing, lililokuwa la kampuni ya kukata miti, likageuzwa hifadhi miaka ya 1990.

Lakini mlima nao una mitego, na utelezi ni mdogo katika hiyo. Mwaka 2006 watafiti waliotumia vinasaba vya kwenye kinyesi walihesabu panda 66 katika hifadhi ya Wanglang, ambako hesabu ya awali ilikuwa 27. Wataalamu wengine wakaipinga. Kama mabingwa wanatofautiana kiasi hicho juu ya mavi, mwanafunzi wa miezi mitatu tumwamini vipi? Anakuja majani yakichipua, anaondoka kabla hajaona theluji, na mwingine anaanza upya.

Hapo ndipo muda unapokuwa na thamani kuliko wingi wa vijana. Vanessa Hull wa Marekani alikuwa mwanafunzi wa udaktari alipokwenda Wolong, na alirudi mara kwa mara kwa miaka. Akaanza kuona mianzi iliyoliwa mpaka chini, na panda hawali namna ile. Walikuwa farasi. Mwaka 1998 hifadhi ilikuwa na farasi 25 tu. Mwaka 2008 walifika 350, wakila mianzi ile ile. Mgeni wa wiki mbili angewapiga picha akaendelea na safari.

Matokeo yalipofika kwa wasimamizi, farasi wakapigwa marufuku. Panda wakashinda, na sioni namna nyingine. Ila wanakijiji hawakuwa wakifuga kwa ukaidi. Farasi walikuwa akiba yao: unamwachia msituni ajilishe, shida ikibisha hodi unamuuza. Ndiyo maana ningependa mwanafunzi wa fildi anayefuata atoke kwenye vijiji hivyo hivyo. Mtoto wa mfuga farasi angejua wanyama wale ni wa nani na wameingia kwa njia ipi, tena pengine angelisema jambo hilo walipokuwa bado hamsini.