Kabla ya kisu, akutanishwe na mwenzake

Mwanamke wa huku kwetu Mbeya akishaambiwa ana saratani ya titi, kikao kinakaa jioni hiyohiyo. Shemeji anatoka Tunduma, mama mkwe anapanda gari kutoka Tukuyu, mchungaji naye anapita. Kaka mkubwa anataka titi liondolewe kesho asubuhi. Shangazi anamfahamu mtu wa Chunya mwenye mizizi. Mume amenyamaza kwa sababu anapiga hesabu ya nauli. Mgonjwa mwenyewe yuko jikoni anawachemshia wageni chai. Na katika watu wote waliojaa sebuleni, hakuna hata mmoja aliyewahi kuugua ugonjwa wenyewe.

Anayekosekana pale ni mwanamke aliyekwishapita njia hiyo. Nasema hivi nikiwa mmoja wao: nilitibiwa, naishi Uyole, nameza kidonge changu kila usiku. Msimamo wangu ni kwamba mwanamke aliyegundulika mapema akutanishwe na mwenzake kabla hajatia saini fomu ya upasuaji. Tulivyozoea ni kumfuata baadaye, akishatoka wodini, tukiwa na uji wa ulezi na matunda. Ni upendo, na asiyewahi kulazwa hajui thamani yake. Lakini wakati huo maamuzi makubwa yanakuwa yameshafanyika.

Wengi hata hawajui kwamba kuna cha kuamua. Saratani ikikutwa hatua ya kwanza au ya pili, na uvimbe ukiwa si mkubwa kwa titi lenyewe, mara nyingi upasuaji unaweza kwenda kwa njia mbili: kuondoa titi zima, au kuondoa uvimbe na nyama kidogo inayouzunguka, kisha titi lililobaki linapigwa mionzi. Umberto Veronesi wa Milan alianza kulinganisha njia hizo mwaka 1973 kwa wanawake 701, na Bernard Fisher wa Marekani akaanza utafiti wake mwaka 1976. Mwaka 2002 kila mmoja alitoa matokeo ya miaka 20, na yalifanana: waliobakiza titi waliishi sawa na walioliondoa. Ila mionzi ni sehemu ya matibabu hayo, huwezi kuiacha. Miongoni mwa wanawake wa Fisher walioondolewa uvimbe bila kupigwa mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa watu 39 katika kila 100. Kwa waliopigwa mionzi ilikuwa 14.

Hapo ndipo umbali unapotuumiza watu wa nyanda za juu. Kwa miaka mingi, kwetu mionzi maana yake imekuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa basi linaloondoka gizani. Mama wa Umalila anayelima viazi akisikia hivyo, anaanza kuwaza nani atapalilia, nani atakamua ng'ombe, nani atakaa na watoto. Kwa hiyo anasema, "Litoeni tu yaishe." Unaweza kuwa uamuzi mzuri, na wapo waliouchagua wakiwa na akili timamu na hawajutii. Kinachoniuma ni unapofanywa gizani. Kuondoa titi zima hakukuhakikishii kwamba safari ya Dar umeikwepa: saratani ikikutwa imeshaingia kwenye tezi kadhaa za kwapani, mionzi inaweza kuhitajika vilevile. Halafu muda wa mionzi wenyewe umefupishwa. Zamani ilikuwa vipindi 25 kwa wiki tano. Utafiti wa Uingereza, ambao matokeo yake ya miaka 10 yalitoka 2013, ulionyesha kwamba vipindi 15 kwa wiki tatu vinatosha kwa wanawake wengi, na mwaka 2020 Waingereza haohao wakatoa matokeo mazuri ya vipindi vitano tu ndani ya wiki moja. Si kila mgonjwa atafaa, na si kila mahali wanafanya hivyo. Lakini kwa mama aliyeacha shamba, kati ya wiki tano na wiki tatu za ugenini kuna tofauti kubwa mno, na haki yake ni kumuuliza daktari: kwa hali yangu mimi, ni vipindi vingapi?

Mimi mwenzangu nilimpata kwa bahati, kupitia fundi wangu wa cherehani. Ni mama mtu mzima anayeuza vitenge Mwanjelwa. Nilimwamkia, akaitikia, akashusha pazia la kibanda, akavua sweta na kufungua vifungo vya blauzi bila kuniuliza kitu. Nilitegemea kuona shimo. Nikaona ngozi tambarare na mstari mmoja mwembamba unaoelekea kwapani. Akaushika mkono wangu akauweka pale. "Gusa mwanangu, hapaumi." Kisha akachomoa kwenye sidiria titi la kitambaa alilolishona mwenyewe, pamba ndani na punje za mtama kidogo upande wa chini, akaniwekea kiganjani. "Bila uzito, sidiria inapanda mpaka shingoni," akasema. Akanyoosha mkono wa upande uliopasuliwa hadi ukagusa kenchi, akanionyesha alivyokuwa akitambaza vidole ukutani kila asubuhi, leo hapa, kesho juu kidogo, mpaka bega likalegea.

Hakuniambia nikate wala nibakize. Aliniuliza kitu kimoja: "Majibu ya kinyama yametoka yote?"

Hayakuwa yametoka yote. Tarehe ya upasuaji nilikuwa nimeshapangiwa, na pale nilipokuwa natibiwa hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba bado kuna majibu ya kusubiri. Nilikuwa najua neno saratani tu, basi. Kumbe kile kinyama, yaani kipande kinachokatwa kwenye uvimbe kikapimwe, kinatakiwa pia kuonyesha kama saratani inalishwa na homoni za mwili, na kama ina kile wanachokiita HER2, protini inayoweza kuichochea ikue haraka. Majibu hayo ndiyo yanayosema kama vidonge vya tamoksifeni, vinavyozuia homoni hizo zisiilishe saratani, vitakusaidia, kama unahitaji dripu za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na kama ni bora dripu zitangulie ili uvimbe usinyae kwanza ndipo upasuliwe. Mwanamke ambaye uvimbe wake umesinyaa anaweza kubakiza titi ambalo mwanzoni lingeondolewa lote. Na binti ambaye bado anataka kuzaa anatakiwa aliseme hilo mapema, kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu kemo inaweza kugusa uzazi, na tamoksifeni haimezwi na mjamzito.

Nafasi hiyo ndogo kati ya kinyama na kisu ilipiganiwa. Nchini Marekani, mpaka miaka ya 1970, mwanamke alilazwa usingizi, kinyama kikachukuliwa na kupimwa hapohapo, na ikionekana ni saratani titi linaondolewa kabla hajaamka. Alikuwa anajipapasa kifua akizinduka ili ajue majibu. Rose Kushner, mwandishi wa habari aliyegundulika mwaka 1974, alikataa kutendewa hivyo, akaandika na kupiga kelele mpaka mwaka 1979 jopo la wataalamu wa nchi yake likapendekeza kipimo kitenganishwe na upasuaji. Kabla yake, mwaka 1952, Terese Lasser, naye aliyeondolewa titi, alikuwa ameanza kuwatembelea wanawake wodini kuwatia moyo na kuwafundisha mazoezi ya mkono. Alifanya kazi kubwa, ila aliwakuta wameshapasuliwa. Sisi tuna nafasi aliyoipigania Kushner, na tunawatembelea wenzetu kwa ratiba ya Lasser.

Nafasi yenyewe si ya kuchezea. Siku chache za kukamilisha vipimo na kuuliza maswali hazina shida kwa wengi wenye saratani ya mapema. Miezi ya kuzunguka kwa waganga ina shida, tena kubwa, kwa sababu hatua ya pili haikusubiri. Tuliona wenyewe mwaka 2011 watu walivyoacha dawa wakapanga foleni ya kikombe cha dawa ya mitishamba kule Samunge, Loliondo. Aliyepita ana nguvu hapa kuliko daktari. Shangazi wa mizizi ya Chunya anaweza kumbishia daktari mpaka kesho. Hawezi kumbishia mwanamke aliyeketi mbele yake, amenenepa, anakunywa chai, na alitibiwa hospitali.

Nguvu hiyohiyo inaweza kuharibu, na sisi tuliotibiwa lazima tulikubali hili. Matibabu yangu si ya mwingine. Namfahamu mama aliyeacha tamoksifeni kwa sababu mwenzake alimwambia, "Mimi zilinichoma mwili joto usiku kucha, nikazitupa, na bado niko hai." Joto hilo ni la kweli, nalijua, unaweza kuamka shuka limelowa hata Julai wakati Uyole watu wanaota moto. Lakini kwa mwenye saratani inayolishwa na homoni, kumeza tamoksifeni miaka mitano kunapunguza vifo vya saratani ya titi kwa takriban theluthi moja. Ilitakiwa amwambie, "Zilinichoma, rudi kwa daktari umwambie." Vivyo hivyo kwa kemo: si kila saratani ya mapema inaihitaji, na anayeambiwa haihitaji hajatelekezwa. Mwenza anasimulia yake, anamsaidia mgonjwa kuandika maswali, anamsindikiza kliniki akimwomba. Kuchagua ni kwa mgonjwa na daktari wake.

Wapo wanaotangaza kwamba vikundi vya wagonjwa vinarefusha maisha. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1989 ulileta tumaini hilo kwa wanawake ambao saratani ilikuwa imeshasambaa. Wa Kanada, mwaka 2001, ukaonyesha kwamba maisha hayakurefuka, ila huzuni na maumivu vilipungua. Mimi hilo la pili linanitosha kabisa. Anayetaka kuanzisha kikundi asiahidi zaidi ya hapo.

Ninachoomba kwa hospitali zetu za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe hakihitaji jengo wala mashine. Muuguzi wa kliniki awe na daftari la wanawake waliotibiwa na kukubali kupigiwa simu. Wapewe semina fupi ya nini cha kusema na nini cha kumwachia daktari, na warudishiwe nauli. Mwanamke akipewa majibu, aulizwe kama angependa kuonana na mwenzake, tena ikiwezekana wawili: aliyeondoa titi na aliyebakiza. Akiona mmoja tu ataondoka na jibu moja. Akikataa, aachwe kwa amani. Na asipelekewe jirani wa kanisa lilelile, maana mji wetu maneno yanatembea; mtu wa Igawilo akutanishwe na mtu wa Iyunga. Mume naye apate mwanamume wa kuongea naye, kwa sababu yule anayenyamaza kwenye kikao mara nyingi ana maswali yake, na mengine hawezi kuyauliza mbele ya mama mkwe.

Maswali ya kwenda nayo yawe kwenye karatasi, kwa maana ukishakaa kwenye kile kiti unasahau yote. Saratani yangu iko hatua gani? Majibu ya homoni na HER2 yametoka? Naweza kubakiza titi, na kama siwezi, kwa nini? Tezi za kwapani mtatoa ngapi, na mkono ukivimba nifanye nini? Nitahitaji mionzi hata nikiondoa titi lote? Nitashika jembe lini? Hilo la mwisho madaktari wengi hawalitegemei, na kwa wanawake wa huku ndilo la kwanza.

Kwa hiyo dada, mama, uliyepita njia hii na sasa unaendelea na shughuli zako sokoni Makambako au shambani Rungwe: siku ya kliniki yako ijayo, kabla hujapanda bajaji kurudi nyumbani, mwambie muuguzi kwamba uko tayari kuongea na mgeni, na umwachie namba yako. Mwambie pia ulitibiwa vipi, ili ajue ni nani wa kumtuma kwako.