Mahandaki Machache, Mashimo Mengi: Je, Mhandisi Kijana wa Arusha Abobee Kwenye Jioteknikali?

Binti mmoja aliyehitimu uhandisi ujenzi, sasa yuko kwenye ile miaka 3 ya SEAP, mafunzo ya kazini ya wahandisi wahitimu, akisubiri kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi, alinifuata hapa Arusha na swali. "Shikamoo injinia. Nikisoma shahada ya pili nichukue jioteknikali, yaani uhandisi wa udongo na miamba, au nibaki na majengo na barabara kama wenzangu? Ninachokitaka hasa ni mahandaki." Nilimwambia anipe muda, kwa sababu jibu la haraka lingemdanganya, liwe la ndiyo au la hapana.

Hesabu ya mahandaki yenyewe inakatisha tamaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulichimba Kihansi, kituo cha umeme cha megawati 180 kilichofichwa ndani ya mlima wa Udzungwa. Miaka kama 20 baadaye zikaja karibu kwa pamoja kazi mbili kubwa: handaki la kuchepusha maji ya Rufiji kwenye bwawa la Nyerere, na mahandaki manne ya reli ya SGR upande wa Kilosa, ambayo yote kwa jumla hayafiki kilomita 3. Handaki la Gotthard kule Uswisi, lililofunguliwa 2016, peke yake lina kilomita 57. Na mkandarasi wa handaki huja na mabingwa wake. Mtanzania hupewa zamu na vifaa vya kupimia, ila kiti cha maamuzi hukipata kwa nadra. Kazi ikiisha kambi inavunjwa, naye anarudi mjini kutafuta upya.

Kuna pia maisha ya kambini, miezi porini mbali na nyumbani. Kwa mama mwenye mtoto mchanga mzigo huo ni mara mbili, na waajiri wengi hawajaupangia chochote. Sioni kuwa hiyo ni sababu ya kumzuia binti. Ni sababu ya kumtaka mwajiri ajipange.

Lakini jioteknikali ni pana kuliko handaki, na hapa kwetu ardhi yenyewe inaidai. Ukiwa Arusha unajenga juu ya majivu na mawe yaliyomwagwa na Mlima Meru, halafu ukishuka tambarare unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Viwanja viwili vinavyopakana vinaweza kutofautiana kabisa. Ili kujua ugumu wa udongo tunachoronga shimo, tunadondosha nyundo ya kilo 63.5 kutoka sentimita 76, tunahesabu mapigo, na kila hesabu inaandikwa. Tatizo ni kwamba wateja wengi wanaiona ripoti ya udongo kama karatasi ya kupatia kibali. Panapohitajika mashimo sita wanalipia mawili, na wanaomba bei ishuke tena. Linaniuma, maana nyufa zikitokea lawama humwendea fundi aliyejenga msingi vizuri tu.

Shule ya karibu zaidi ya kazi za chini ya ardhi ni Mererani, kwenye migodi ya tanzanite, mwendo mfupi kwa gari kutoka Arusha. Mwamba wake una tabaka za grafaiti, laini na zenye kuteleza, na wachimbaji hushuka mamia ya mita. Pale neno mitobozano linajulikana na kila mtu: mgodi wa huyu unatoboka na kuingia kwenye mgodi wa yule, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ramani sahihi ya alipofika mwenzake. Mvua za El Niño za 1998 zilipojaza mashimo, wanaapolo, yaani wachimbaji wa pale, wengi walifia chini. Kwangu mimi hayo yote, ramani, maji, hewa, nguzo za kushikilia paa, ndiyo uhandisi wa handaki wenyewe. Hata Wachagga waliochimba mapango ya kujificha kule Marangu walilazimika kufikiria matundu ya hewa na mahali pa kupeleka kifusi. Waongozaji wa watalii husimulia kwamba udongo ulimwagwa mtoni ili adui asiuone.

Ndipo nafika kwenye usimamizi, ambako naona vijana wengi hawatazami. Wanajifunza fomula za kupanga ubora wa mwamba, ule mfumo wa Bieniawski wa 1973 na ule wa Q uliotoka Norway 1974, na ni vizuri wazijue. Ila mwamba unajulikana vizuri pale tu unapochimbwa, kwa hiyo meneja wa handaki anaongoza kazi ambayo mchoro wake unabadilika kila zamu: leo zege la kunyunyizia linatosha, kesho panahitajika nondo ndefu zaidi na hatua fupi zaidi. Mwezi Oktoba 1994 mahandaki yaliyokuwa yakichimbwa chini ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London, yaliporomoka. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba dalili zilikuwepo mapema, na kwamba kosa kubwa lilikuwa la usimamizi. Waliopima walikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kuzifanyia kazi namba zao kwa wakati.

Kwa hiyo nilimjibu hivi: soma jioteknikali, lakini usijiite mtu wa mahandaki bado. Anza na uchorongaji mjini, kisha utafute miaka 2 au 3 mgodini, na ujifunze kuandika kumbukumbu ya shimo ambayo mtu mwingine anaweza kuitegemea bila kukupigia simu. Kipato cha mwanzo kitakuwa chini kuliko cha wenzake wa majengo, na sikumficha.

Siku atakapoitwa kwenye usaili wa handaki, nilimwomba aulize jambo moja: saa nane za usiku, vipimo vya ukuta vikiruka ghafla, nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi na kutoa watu? Akijibiwa kwamba lazima kwanza bosi aliyeko mjini apigiwe simu, aendelee kutafuta kazi kwingine, hata mshahara ukiwa mzuri.